Mafuta ya Papa kwenye Gari la Bwana Abudi

Juma lililopita nilivuka hadi Pate kwenye khitma ya Bwana Shee. Baada ya dua, mpwa wake alisimama akasema maneno machache juu ya marehemu: kwamba alikuwa mkalafati, kwamba hakuna chombo alichokiziba nyufa kikavuja, kwamba alipenda kucheka na hakupenda kuamriwa. Yote hayo ni kweli. Lakini hakutaja gari, na kati ya watu waliokaa mikekani wakipitishiana kahawa na halua, hakuna hata mmoja aliyejua kuwa palikuwa na gari. Nilitaka kusimama, nikajizuia. Khitma si mahali pa mtu kujieleza, na mimi nikianza kujieleza si mwepesi wa kumaliza. Ndiyo maana naandika.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na diploma. Nitaitaja diploma hiyo zaidi ya mara moja, na msomaji anivumilie, kwa sababu hakuna aliyenipa, niliichuma. Nilianza Mombasa kwa kufua matambara ya grisi katika gereji ya watu, nikajifunza Kiingereza kwenye maandishi ya makopo ya mafuta, nikasoma jioni baada ya kazi miaka mitatu, na siku ya mtihani nilikaa chumba kimoja na vijana waliokuja na kalamu mbili mbili, mimi nina moja. Nikawapita wote. Kisha nikarudi gerejini na karatasi yangu, na mkuu wa gereji akaisoma, akanipongeza, akanirudishia tambara. Nafasi za juu pale zilikuwa na wenyewe. Basi nikafunga sanduku nikarudi Amu, yaani Lamu, mji ambao ndia zake, vile vichochoro, punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Watu waliniuliza, kwa adabu, nimekuja kutengeneza gari gani.

Gari lilikuwepo, ila halikuwa Amu. Bwana Abudi, mtu mwenye nyumba za mawe mjini na mashamba ya minazi na pamba bara, alikuwa amelinunua kwa Mzungu mmoja wa Malindi aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari la spoti, la kijani, la viti viwili, lililoundwa kabla ya vita vikuu vya pili. Boneti lake refu, milango yake mifupi hata ukikaa ndani mkono wako karibu uguse mchanga. Alilihifadhi Mokowe, ng'ambo ya mlango wa bahari, ndani ya banda la makuti kando ya ghala ya pamba. Alikuwa akivuka kwa mashua, analiwasha, anakwenda Witu kutazama pamba yake huku kanzu inapepea. Safari ya nne alirudi amekaa upande. Springi ya nyuma ya kushoto ilikuwa imekatika majani matatu, yale mabamba yake ya chuma, ya kulia imelala bapa kama mkeka, na shokamzoba zote mbili, zile chupa za mafuta zinazoizuia springi isirukeruke, zilikuwa zimelia mpaka zikakauka.

Nilikwenda nyumbani kwake baada ya sala ya alasiri. Nilikaa dakani, kwenye baraza ya mawe, nikingoja kuitwa, na kutoka ndani nikasikia wanaume wawili wakinizungumza kana kwamba ukuta hauna masikio. "Mpate na gari wapi na wapi?" alisema mmoja, kwa kuwa mimi ni mtu wa Pate. Mwingine, na huyu alikuwa Bwana Abudi mwenyewe, akasema nina cheti. "Cheti hakifungui nati," akajibiwa, wakacheka. Nilipoitwa niliingia nikiwa nimekwisha kukasirika, na hasira hiyo, Mungu anisamehe, ilinifaa kuliko chai.

Bwana Abudi alikuwa mnene, mpole, na mkali wa hesabu ya maneno. Hakusema neno asilolikusudia. Aliniambia kuwa baada ya masika atanunua lori mbili za kubeba pamba na ufuta kutoka Witu hadi Mokowe, na kwamba lori zitataka gereji na gereji itataka fundi. Fundi mmoja wa Malindi alikuwa amekwisha kuiomba nafasi hiyo. "Springi mpya na shokamzoba nimeagiza Mombasa, zaja na meli. Nitengenezee hili. Kabla ya mvua kufunga ndia, nipeleke Witu. Huyo fundi wa Malindi nitamwita atungoje huko na lori lake. Atatazama kazi yako. Ikiwa kazi, gereji ni yako. Ikiwa si kazi, atalivuta gari, na gereji ataichukua yeye."

"Bwana," nikamwambia, "huyo ndiye anayeitaka nafasi yangu."

"Ndiyo," akasema. "Mtu anayetaka nafasi yako ndiye atakayeliona kosa lako. Rafiki yako hataliona."

Nimeajiri mafundi wengi tangu siku hiyo, na kila mara nimewachagulia mkaguzi kwa kanuni hiyohiyo. Lakini siku ile niliona kuwa nimetegwa.

Chumba nilichopewa Mokowe kilikuwa pembe ya ghala ya pamba. Kitanda cha kamba, taa ya chemni, magunia hadi darini, na nyuzi za pamba zikielea hewani ukipumua, hata asubuhi nilikuwa nikikohoa weupe. Niligonga msumari ukutani nikaitundika diploma yangu hapo, juu ya mto, ndani ya kioo. Aliyeiona wa kwanza alikuwa Bwana Shee. Alikuwa mtu wa Pate kama mimi, wa makamo, mikono myeusi ya kalafati hadi vifundoni. Aliletwa Mokowe kuziba mashua za kupakia pamba, na Bwana Abudi akamwongezea kazi ya kulitunza gari. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kichwa upande.

"Yasemani?"

"Yasema mimi ni fundi wa mitambo."

"Na usipoitundika, wasahau?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Siku iliyofuata nililipandisha gari nyuma kwa jeki, nikalikalisha juu ya magogo mawili ya mkoko, magurudumu yananing'inia, nikaingia chini. Harufu ilinipiga usoni nikatoka tena. Nilirudi na tambara puani. Chuma chote cha chini, ekseli, springi, boliti, kilikuwa kimepakwa kitu kizito cha rangi ya asali, tabaka juu ya tabaka, kama mtu apakavyo ngozi ya ngoma. Yalikuwa mafuta ya maini ya papa. Bwana Shee alikuwa akilipaka gari kila mwezi mwandamo, kwa bidii na kwa imani, kama unavyopakwa ubavu wa chombo. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa ameona chuma, ameona chumvi, akafanya ambalo kila mtu wa visiwa vile angefanya.

Lazima niseme ukweli wa kifundi hapa. Mombasa, gari la umri ule, lililokaa karibu na bahari, boliti zake huzifungui bila msumeno. Za Bwana Abudi zilifunguka kwa mkono mmoja. Hakuna kutu hata ya kutilia jicho. Lakini springi hushikwa na bushi, vile vipete vya mpira vinavyokaa ndani ya matundu yake ili boliti isisage chuma kwa chuma, na mpira na mafuta ya papa ni maadui. Bushi zote zilikuwa zimevimba zikawa laini kama ubongo. Nilizitoa kwa kidole. Nilitoka chini ya gari na lile dude kiganjani, na mbele ya wapagazi waliokuwa wakipakia magunia nikamwambia Bwana Shee maneno ambayo sikuyafikiria: kwamba gari si mashua, kwamba ujinga wake umeliua gari la watu, kwamba Bwana Abudi angepata hasara ndogo kama angelikabidhi kwa mbuzi.

Alijifuta mikono, akachukua nyundo yake ya kalafati, akarudi kwenye mashua zake. Siku kumi hakunisemesha.

Nilikuwa nikila kwake. Mkewe, Bi Rukia, ndiye aliyepikia watu wa ghala, nami nikadhani chakula kimekwisha. Jioni ile alikuja mwenyewe hadi mlangoni mwa ghala, buibui limefungwa kiunoni, sahani mkononi: mikate miwili ya mofa bado ya moto na kolekole wa kupaka. "Mume wangu hasemi nawe," alisema. "Lakini sufuria yangu haikugombana na mtu. Kula. Na mkate huo si wa kutazamwa kama karatasi yako."

"Ahsante, Bi Rukia."

"Usinishukuru mimi. Samaki kavua yeye."

Kwa siku kumi nilikula mofa na samaki wa mtu niliyemtukana, na ninakiri kuwa vilikuwa vitamu vilevile. Ujana una tumbo pana. Kupitia ukuta wa makuti wa kibanda chao kilichopakana na ghala nilikuwa nikiwasikia wakizungumza, Bi Rukia akiuliza gari limefika wapi, mumewe akisema hajui, hatazami, kisha akimweleza kila kitu nilichofanya tangu asubuhi, nati kwa nati.

Kreti ilifika kutoka Mombasa: springi mbili nyeusi zilizopinda kama upinde, shokamzoba mbili ndani ya karatasi ya nta, na bushi sita za mpira ndani ya kikopo. Kazi niliifanya kwa siku mbili. Naweza kusema, bila kujisifu zaidi ya haki, kuwa hakuna mtu pwani ile ambaye angeifanya safi zaidi. Kila nati niliikaza hadi mshipa wa shingo ulisimama, kwa kuwa nilitaka fundi wa Malindi akiweka spana yake asipate hata nywele ya kuzungusha. Nikalishusha gari. Lilikaa mkia juu kama kuku anayetaka kutaga. Nikajiambia springi mpya huwa hivyo. Nikaliwasha, nikaelekea visimani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, juu ya mizizi na mashimo, na wapagazi wakashangilia. Nilipokuwa nageuza nilisikia mlio, kisha mgongano, chuma kwa chuma. Nilirudi polepole kama mtu aliyebeba mayai. Chini, bushi zote sita zilikuwa zimechanika, mpira umetoka matunduni vipande vipande.

Nilijua mara moja nilichokosa, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimefundishwa. Niliandika daftarini, kwa wino, siku ya somo: bushi hukazwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, limebeba uzito wake. Ukizikaza gari likining'inia, springi ikiwa imepinda mpaka mwisho, mpira hufungwa umejikunja, na uzito ukishuka tu, unapasuka. Daftari lilikuwa sandukuni. Sikulifungua, kwa kuwa mwenye diploma afungue daftari kwa nini? Meli ya kuleta bushi nyingine ingechukua wiki tatu. Juu ya kijiji cha Hindi, upande wa bara, mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika.

Nilikaa juu ya kreti tupu. Nilimwona Bwana Shee akija, kuvuka uwanja, bila haraka. Aliinama, akatazama chini ya gari, akainyoshea kidole bushi moja.

"Ulikaza lingali juu ya magogo?"

"Ndiyo."

"Ewe!" Akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Ewe, fundi wa kioo! Hata mwana wa mwaka moya Pate hakazi kamba za mlingoti chombo kingali juu ya magogo. Huachia. Kikishuka maini, baharini, kikanywa, kikakaa, ndipo hukaza. Yaandikwa wapi hiyo?"

"Yaandikwa," nikasema. "Ninayo sandukuni."

Hilo lilimchekesha zaidi. Alipopumua nilimwambia, kwa sauti ya chini, kuwa maneno niliyomwambia mbele ya wapagazi yalikuwa maneno ya mpumbavu. Aliangalia pembeni akasema kuwa mbuzi angelitunza gari vizuri, ila angekula viti. Kisha akauliza kazi ya ule mpira ni nini. Nikamweleza. Akasugua kiganja. "Pale usukani wa mashua unapovaa chuma," alisema, "sisi hutia ngozi. Ngozi ya Siyu, ya mgongo wa ng'ombe. Hukaa miaka."

Nilimwambia ngozi itakauka ipasuke. Akanitazama kwa huruma. "Na mafuta ya papa ni ya nini?"

Nimekaa darasani na watu wenye shahada, nimesimama mbele ya wahandisi waliokuja kwa ndege, na sijawahi tena kuona jambo likijipanga haraka namna ile kichwani mwangu. Mafuta yaliyoua mpira ndiyo yanayoihuisha ngozi. Kesho yake alfajiri Bwana Shee alivuka kwenda Siyu, kisiwani kwetu, kwa wale wanaoshona makubadhi, vile viatu vya ngozi, akarudi siku ya tatu na kipande cha ngozi kinene kama kidole. Nililala chini na rula na kisu. Nilikata vipande, nikavikunja vikiwa vibichi juu ya boliti zenyewe, nikavifunga kwa uzi wa kalafati, tukaviacha kwenye kikopo cha mafuta ya papa siku mbili usiku na mchana. Vikavimba, vikanywa. Nikavigonga matunduni kwa nyundo ya mbao, na safari hii niliziacha nati zote zikiwa za kuzungushwa kwa vidole.

Tulilishusha gari chini. Sasa lilitaka uzito wa watu wawili ndani yake wakati ninakaza. Bwana Shee alikaa kwa dereva. Upande wa pili tukaweka gunia la pamba, lakini pamba ni nyepesi, na Bwana Abudi hakuwa mwepesi. Bwana Shee akamwita mkewe.

"Mimi ni mzigo?" Bi Rukia aliuliza kutoka jikoni.

"Wewe ni Bwana Abudi. Ndoo ukae," akasema, akimpungia mkono aje.

"Bwana Abudi ana gari. Mimi nina nini?"

"Una mume. Ndoo."

Alikuja na sinia la kahawa, akapanda kwa shida na kwa heshima, buibui limekusanywa magotini, na gari likashuka vidole viwili. Nilikuwa chini, chali, uso wangu shubiri moja kutoka kwa springi, na juu yangu nilisikia vikombe vikigongana na mume na mke wakisafiri. Bi Rukia aliuliza tumefika wapi. Mumewe akamwambia Mkunumbi, kwenye ndia ya Witu. Akasema mbona Mkunumbi pananuka papa. Nikakaza nati ya kwanza. "Haya, polepole!" Bwana Shee akanipigia kelele. "Sikia chombo kwanza!" Nikasikia, nikakaza ya pili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nina diploma, ninaamriwa na mkalafati asiyejua kushika spana, na kila alichosema kilikuwa sawa. Nilipotoka chini, mkia wa gari ulikuwa umekaa sawasawa na kichwa chake.

Tuliondoka Mokowe siku mbili baadaye, Bwana Abudi na mimi, wingu liko nyuma yetu. Alishika mlango kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine. Barabara ya Witu ilikuwa mchanga, kisha mizizi, kisha udongo mweusi ulioanza kupata matone. Nilimpitisha taratibu palipotaka taratibu, na palipotaka mwendo nikampa mwendo, na gari lilipanda na kushuka kama mtu anayepumua. Mkunumbi tulisimama tukanywa maji ya dafu. Habari ya ngozi sikumwambia. Nilikuwa nikisikiliza nyuma yangu, na nyuma yangu palikuwa kimya.

Fundi wa Malindi alikuwa akingoja mbele ya ghala ya Witu, lori lake limegeuzwa tayari, kamba ya kuvutia imekunjwa na kutundikwa kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa mtu mzima, ovaroli safi, mwenye sauti ya kuchosha. Alinisalimu vizuri. Akalala chini ya gari, akakaa kidogo, kisha nikamsikia akicheka.

"Bwana Abudi! Njoo uone. Wamelivisha gari makubadhi!"

Bwana Abudi alinigeukia. "Ni nini hicho?"

Nilikuwa na jawabu zuri. Nilikuwa nimelitunga njiani: kwamba ni mbinu ya vitabuni, kwamba Mombasa tulifundishwa. Nani angenikanusha? Bwana Shee alikuwa Mokowe na mashua zake, na gereji ilikuwa mbele yangu, hatua mbili. Nikafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa kile.

"Ni ngozi ya Siyu, Bwana, imelowekwa mafuta ya papa. Bushi za mpira niliziharibu mimi. Nilizikaza gari likiwa juu ya magogo. Bwana Shee ndiye aliyenionyesha ngozi, na ndiye aliyeniambia lini nikaze. Kukata na kufunga ni kazi ya mikono yangu."

"Basi gereji mpe mkalafati," alisema fundi wa Malindi kutoka chini.

Bwana Abudi hakucheka. Matone yalikuwa yameanza kulia juu ya boneti. "Nimekuita utazame kazi," alimwambia. "Itazame."

Yule fundi akatoka, akajipangusa, akaja nyuma ya gari. Aliweka viganja viwili juu ya mkia, akabonyeza kwa uzito wake wote, mara moja, mbili, tatu, akaachia ghafla. Gari lilipanda mara moja, likasimama. Halikurudia. Akahamia pembe ya pili, akafanya vilevile, na likasimama vilevile. Akaingia tena chini na spana, na safari hii alikaa sana. Mvua ilikuwa imemlowesha miguu hadi magotini naye hatoki. Nilisikia spana ikishika nati, ikikataa kuzunguka, ikihamia nyingine. Alipotoka alikuwa na mchanga kichwani na hakuwa na kicheko.

"Ni kazi," akamwambia Bwana Abudi, na neno hilo, kwa kuwa lilitoka kinywani mwake, sijapata kulibadilisha kwa sifa nyingine yoyote niliyopewa baadaye, nazo ni nyingi.

"Basi nenda kabla ndia haijafungwa," Bwana Abudi akasema. "Lori zangu zitakuwa na fundi huyu wa Mokowe."

Yule fundi aliichukua kamba yake akaitupa nyuma ya lori. Akafungua mlango, akaweka mguu, kisha akashuka tena akanijia mvuani, akainamisha kichwa karibu na changu ili mwenye gari asisikie.

"Hiyo ngozi," akauliza, "mwaipata kwa nani?"

"Kwetu," nikamwambia.